Karani Aliyeachwa Nje ya Kesi

Jumamosi moja, katika bwalo la shule ya upili hapa Kisumu, msichana wa kidato cha tatu alisimama kumhoji shahidi. Joho lake lilikuwa la mahafali, la kuazima, refu hivi kwamba kila akipiga hatua ilimbidi alishike kwa mkono mmoja kama mama anayevuka tope. Kesi ilikuwa ya kuigiza, katika mashindano ya shule. Mwendeshaji bodaboda anadaiwa kumpokonya mama muuza omena simu karibu na Kondele, saa tatu usiku. Shahidi ni kijana aliyekuwa akingoja chipsi kibandani, na anasema alimwona mwizi akamtambua.

Msichana akauliza, kwa Kiingereza kama kanuni zilivyotaka, shahidi alikuwa umbali gani. Hatua 15. Mwizi alikimbilia upande gani? Upande wa Manyatta. Kwa hiyo uliona mgongo? Kimya kidogo, kisha: niliona uso alipogeuka. Mwanga ulitoka wapi? Kulikuwa na mwanga wa kutosha, kijana akajibu haraka, maana ndivyo ilivyoandikwa katika maelezo aliyoyakariri. Hapo msichana akakwama. Nilimwona akitafuta neno. Alilitafuta darini, akalitafuta kwenye karatasi yake, mwisho akaamua liwalo na liwe. Akaanza swali kwa Kiingereza na kulimalizia kwa lugha ya mtaani, akitaka kujua kama ile mulika mwizi ilikuwa inawaka usiku huo.

Bwalo likaangua kicheko. Mulika mwizi ni yale mataa makubwa yaliyo juu ya mlingoti mrefu, na yakiharibika mtaa unaweza kukaa gizani hata mwezi. Shahidi peke yake hakucheka. Kwenye karatasi yake hapakuwa na jibu la swali hilo. Akamtazama mwalimu wake, akatazama sakafu, akasema haikuwa inawaka.

Nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Mwenzangu wa kushoto, kwenye safu ya lugha na ufasaha, alimkata alama mbili kwa kuchanganya ndimi. Timu yake ilishindwa kwa alama tatu, kwa hiyo sisemi ni hizo mbili zilizoiangusha. Nasema tu kwamba swali bora kuliko yote tuliyoyasikia siku hiyo liliadhibiwa, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale, nikanyamaza.

Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja anayedai kumtambua mshtakiwa katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kabla ya kumtia mtu hatiani. Katika kesi ya Maitanyi, ya mwaka 1986, Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaenda mbele zaidi: chunguza ni mwanga wa aina gani, ulikuwa na ukubwa gani, na ulikuwa mahali gani ukilinganisha na alipokuwa mshukiwa. Kusema kulikuwa na mwanga hakutoshi. Watu wametoka gerezani kwa sababu hakuna aliyemuuliza shahidi habari za taa. Msichana yule hakuwa amesoma kesi hizo. Anakaa karibu na ile nguzo, basi.

Nieleze nilipotoka, ili msomaji ajue ninaegemea wapi. Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa karani katika mahakama kadhaa za magharibi mwa Kenya. Meza yangu ilikuwa chini ya meza ya hakimu. Nilikuwa nikiita majalada, nikiapisha mashahidi, nikipokea vielelezo, na nikifanya kazi moja ambayo haijaandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote: kutafsiri. Dholuo kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, kisha kurudi njia hiyo hiyo, kutwa nzima. Waandaaji wa mashindano walinialika kwa sababu walitaka mtu aliyezeeka mahakamani. Nilipofika niliangalia orodha ya wahusika. Hakimu alikuwepo, viongozi wa mashtaka wawili, mawakili wa utetezi wawili, mashahidi wanne, mshtakiwa mmoja na juri la watu 12, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Karani hakuwepo.

Nilidhani ni kusahau tu. Baada ya kualikwa mara tatu, nne, naona kuna jambo ndani yake.

Kuigiza kesi shuleni si jambo geni duniani. Marekani ina mashindano ya kitaifa ya shule za upili tangu 1984, na ya kwanza yalifanyika Des Moines, jimbo la Iowa. Uingereza walianza ya kwao 1991. Afrika Kusini ina ya shule tangu 2011. Vyuo vikuu vya bara hili vilitangulia kwa mbali, maana mashindano ya haki za binadamu yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria yamekuwapo tangu 1992, na wanafunzi wa sheria wa humu nchini, wakiwemo wa Kabarak kule Nakuru, hushindana katika mahakama za mfano kama sehemu ya masomo yao.

Ukitazama kwa makini utaona kila mmoja wao aliiga mahakama ya kwao. Mtoto wa Uingereza hupewa nafasi ya kuketi kwenye juri kwa sababu akikua barua inaweza kumfikia nyumbani ikimwita akaketi kwenye juri la kweli. Mwanafunzi wa Afrika Kusini hujenga hoja juu ya Katiba, na wanaofika fainali husimama katika Mahakama ya Katiba yenyewe, jijini Johannesburg. Tena, na hili nililisoma kwa furaha ya ubinafsi, katika mashindano ya Uingereza karani wa mahakama ni mhusika mwenye nafasi yake na alama zake.

Sisi tumeiga runinga. Lile juri la viti 12 vya plastiki kwenye bwalo halimo katika sheria zetu. Enzi ya ukoloni juri lilikuwa la Mzungu, na Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza. Hata hao wazee wakaondolewa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Leo hakimu au jaji hupima ushahidi na kuandika uamuzi pamoja na sababu zake, na sababu hizo ndizo zinazopelekwa kwenye rufaa. Mwanafunzi anayefundishwa kubembeleza watu 12 anafundishwa kazi ambayo hapa haipo. Kulikuwa pia na nyundo, nadhani ya fundi wa shule, na kijana aliyeigiza hakimu aliigonga mezani mpaka gilasi ya maji ikapinduka. Katika miaka yangu yote sijamwona hakimu akigonga nyundo. Kimya mahakamani huletwa na karani.

Hayo ni madogo na yanarekebishika kwa barua moja. Kinachonisumbua ni mahali tunapoanzia kesi.

Kila kesi ya kuigiza niliyoiona huanza mshtakiwa akiwa ameshakana mashtaka. Imeandikwa hivyo kwenye karatasi, hakuna anayeuliza, mawakili wanainuka na mchezo unaanza. Mahakamani kwetu, watu wengi hawafiki hapo. Fika mahakama yoyote ya hakimu Jumatatu asubuhi. Katiba, Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na muda huo ukiisha siku isiyo ya kazi, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo Jumatatu huleta mavuno ya wikendi nzima: wa chang'aa, wa kupigana matangani, wa kuiba mabati, wa kuchuuza bila kibali. Wanasimama wamebanana, wengine hawana viatu wala mkanda. Karani anasoma hati ya mashtaka. Wakili hakuna. Mshtakiwa ana jibu moja la kutoa, na jibu hilo linaamua kama kutakuwa na kesi au ataingia rumande, au jela, kabla ya saa sita.

Nitoe mfano mmoja, bila jina wala mahali. Mwanamume wa makamo ameshtakiwa kuiba baiskeli. Namsomea mashtaka kwa Dholuo, namuuliza kama ni kweli. Anasema ni kweli alichukua baiskeli. Nilikuwa na majalada kama 40 mezani. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema amekiri. Hakimu, mama mtu mzima asiyependa haraka, akanitazama juu ya miwani. "Karani, amesema nini? Kwa maneno yake."

"Amesema alichukua baiskeli, Mheshimiwa."

"Alichukua, au aliiba?"

Tukamrudia. Kumbe baiskeli ni ya shemeji yake, hulala nyumbani kwake, wamekosana kwa ajili ya shamba, na asubuhi ile aliichukua kwenda nayo sokoni kama siku zote. Kwa Kanuni ya Adhabu, kuiba ni kuchukua kwa hila bila kuwa na dai la haki juu ya kitu chenyewe. Yule bwana alikuwa amekubali kuchukua, na kuchukua peke yake si kosa. Jibu likaandikwa kuwa amekana. Ingekuwa juu yangu na haraka yangu, angetoka pale mwizi.

Utaratibu ambao hakimu yule aliufuata una jina. Katika kesi ya Adan, ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliupanga hatua kwa hatua. Mashtaka yasomwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akipinga, au akisema jambo linalotia shaka, kukiri kwake kunafutwa na kesi inasikilizwa. Hatua zote hizo hupita kwenye mdomo wa karani.

Na lugha zetu zina mitego. Mzee wa kwetu akiletwa mbele ya watu wakubwa huanza kwa kuomba msamaha, hata kama hajui kosa ni lipi. Ndivyo alivyolelewa, kwamba huanzi kubishana na mkubwa. Atasema "nisameheni" au "huenda nilikosea", na kizimbani adabu hiyo inaweza kuandikwa kuwa ni kukiri kosa. Wa pili atasema "ni kweli" akimaanisha ni kweli alikamatwa. Wa tatu ni mama wa Kibukusu aliyeulizwa kwa Kiswahili cha haraka, akaitikia "ndiyo" kwa sababu hataki kuonekana hajui Kiswahili mbele ya watu wote wale. Nimewaona wote hao, na kwa baadhi yao sina hakika kama niliwatendea haki.

Sasa niambie, mwalimu mlezi wa chama cha sheria: kuna igizo gani lenye mvutano kuliko hilo? Mpe mwanafunzi mmoja nafasi ya mshtakiwa mwenye kisa cha baiskeli. Mpe mwingine nafasi ya karani, na hakimu asielewe lugha ya mshtakiwa. Mwambie karani ana dakika tatu. Kisha waulize waliokaa bwaloni ni nini kimeandikwa kwenye jalada na ni nini kilichosemwa. Utajua baada ya zoezi hilo ni nani anayesikiliza na ni nani anayengoja zamu yake ya kuongea.

Baada ya kujibu mashtaka huja dhamana, nayo pia huachwa nje. Siwaelewi wanaoiacha, maana vijana huipenda sana wakipewa. Katiba inasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima, na mwaka 2015 Idara ya Mahakama ilitoa mwongozo wa jinsi ya kupima sababu hizo. Nilijaribu zoezi hili na darasa moja: mwendeshaji bodaboda yule yule wa Kondele, kodi ya nyumba kwa mwezi, pikipiki si yake ni ya tajiri, mke yuko Ugenya, mtoto mchanga. Je, atatoroka? Dhamana ya shilingi 20,000 ni ya kadiri kwa nani? Kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasimama akasema, kwa Kiswahili, kwamba mtu wa bodaboda hawezi kutoroka kwa sababu steji nzima inamjua na inamdai. Hoja hiyo haimo katika kitabu chochote. Hakimu wa kweli angeiandika.

Hapo ndipo suala la lugha linaponirudia, na najua wako watakaonuna.

Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu aliondoa mawigi, na akataka majaji waitwe Mheshimiwa kwa Kiswahili. Jirani zetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zao. Pamoja na hayo yote, kanuni ya kwanza kwenye karatasi ya mashindano yetu ni kwamba atakayeongea lugha nyingine isipokuwa Kiingereza atakatwa alama. Sisi wa rika langu tuliovishwa monto shingoni kwa kuongea lugha ya mama tunaijua kanuni hiyo hata ikivaa joho.

Mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, alinijibu vizuri. Mzee, alisema, sheria hufundishwa vyuoni kwa Kiingereza, vitabu vyake ni vya Kiingereza, Mahakama Kuu yenyewe wewe umesema ni Kiingereza. Hawa watoto nikiwanyima zoezi hilo nitakuwa nimewasaidia au nimewaonea? Wenye pesa watawafundisha wao Kiingereza nyumbani, wangu wataachwa nyuma. Sina jibu la kumnyamazisha, na sitaki kumnyamazisha. Nimeona pia mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake akijifunza kusimama mbele ya watu 300 na kumaliza sentensi. Hilo si jambo dogo.

Ila mwalimu anafikiria yule mmoja kati ya wanafunzi wake ambaye huenda akawa wakili. Mimi nafikiria waliobaki bwaloni. Wao wataingia mahakamani wakiwa mashahidi wa ajali ya matatu pale Ahero, au walalamishi, au wadhamini waliobeba hati ya shamba la baba, au, Mungu apishe mbali, washtakiwa. Huko hawatahitaji kusema kwa Kiingereza kwamba wanapinga swali. Watahitaji kujua kwamba wanaweza kumwambia karani "sijaelewa, rudia". Katika miaka yangu yote waliothubutu kuniambia hivyo nawahesabu kwa vidole.

Tena si lazima tuchague. Mahakamani kwenyewe wakili huuliza kwa Kiingereza, shahidi hujibu kwa lugha aliyozaliwa nayo, na karani yuko katikati. Iga hivyo hivyo. Atakayekuwa wakili apate Kiingereza chake, na shahidi aseme mulika mwizi bila kuchekwa. Karani afanye kazi, na waamuzi wampime kama wanavyompima wakili. Shule ya kutwa ya kijijini, ambayo siku zote hushindwa na shule kubwa kwa sababu ya matamshi, ghafla itakuwa na watoto wanaojua lugha tatu kwa ufasaha ambao hauwezi kukodiwa. Sisemi hilo kwa huruma. Timu yenye mkalimani mzuri itashinda kwa haki.

Kuna mambo mengine nitayapita mbio. Joho la kukodi si lazima, sare ya shule inatosha. Kesi nyingi humfanya mshtakiwa kuwa mwanafunzi wa miaka 16 kisha zikamweka kizimbani mbele ya umati. Kwa sheria zetu huyo ni mtoto, na mahakama ya watoto hukaa faragha. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha pia umri wa mtu kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ni vigumu kupata mada nzuri kuliko hiyo kwa wanafunzi wenye wadogo zao nyumbani. Na waandaaji wasigeuze siku hiyo kuwa tamasha la drama. Drama tunayo, na shule za magharibi zinaijua vizuri. Shahidi akilia kizimbani machozi ya kweli, bwalo hupiga makofi na waamuzi humwaga alama, lakini machozi hayajajibu swali la taa.

Moja sitalipita. Juma moja baada ya mashindano, ndugu yangu alinipigia simu. Mwanawe, aliye katika shule nyingine mbali na hapa, ametumwa nyumbani majuma mawili. Simu ilipatikana chini ya godoro. Nikauliza kitanda ni cha nani. Ni deka, akasema, yeye analala chini, mwingine juu, na kona ile wanalala wanne. Nani alimsikiliza? Hakuna, aliitwa ofisini akapewa barua. Barua yenyewe nilisomewa kwenye simu. Ilikuwa na mistari miwili, na sababu iliyotajwa ni utovu wa nidhamu. Kijana huyo ni mwanachama wa chama cha sheria cha shule yao. Anaweza kukukariria Kifungu cha 50 bila kukosea. Kifungu cha 47, kinachodai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na kumpa anayeathirika haki ya kuandikiwa sababu, sijui kama wamekifikia.

Sisemi shule igeuzwe mahakama kila simu ikipatikana. Nasema dakika kumi za kumuuliza mtoto "hii ni yako? Nani mwingine hulala hapa?" zingemfundisha sheria kuliko muhula mzima wa chama. Na kama simu ni yake kweli, angeenda nyumbani akijua kwamba aliulizwa.

Juzi yule mwalimu aliyenibishia kuhusu Kiingereza alinipigia. Mashindano yanakaribia, anataka nimwandikie kesi, safari hii ya kwetu. Nimemwandikia ile ya simu ya Kondele, nikaanzia Jumatatu asubuhi kizimbani. Mshtakiwa hana wakili mpaka baada ya kujibu mashtaka. Mama muuza omena anatoa ushahidi kwa Dholuo. Hakuna juri. Nikamtumia kurasa zote kwa simu, naye baada ya saa moja akanipigia tena.

"Mzee, ukurasa wa karani uko tupu. Umesahau kuandika maneno yake."

Nikamwambia sijasahau, karani hana maneno yake, atasema waliyoyasema wengine.

"Sasa atakariri nini?"

"Hakariri. Anasikiliza."

Akanyamaza, nikasikia kengele ya shule nyuma yake na watoto wakikimbia. Kisha akauliza hicho kiti nimekipa alama ngapi kati ya mia. Nikamwambia 30, sawa na wakili. Akasema hizo ni nyingi, tutapigana na waamuzi wenzako. Tukakubaliana 25, na msichana wa joho refu ndiye atakayekikalia kwanza.